Mtaro wa Nyalenda
Jana mvua ilinikuta Nyalenda, mtaa wa Kisumu, viatu mkononi, maji ya mtaro yamefika magotini. Mwanangu wa kidato cha tatu akauliza, "Baba, kwani wahandisi hawapo?"

Wapo. Nikamweleza kuwa Marekani wana Akademia ya Kitaifa ya Uhandisi tangu 1964. Wanachama huchaguliwa na wenzao, na serikali huomba ushauri wao. Mwaka 2008 walitangaza changamoto kuu 14 za karne hii, maji safi yakiwemo.

"Wanalipwa?" (Hilo ndilo lililomkaa kichwani!) Wanakamati wanaoandaa ushauri huo hujitolea, nikamwambia.

Akainama, akachomoa chupa tatu za soda kwenye kalavati nyembamba kama bomba la choo. "Na aliyejenga hii, alimuuliza nani?"