Laini kwa jina langu

Laini ilikuwa kwa jina langu. Hilo ndilo lililonijia kwanza, kabla sijajua mwanangu kasema nini, kabla hata sijamfikiria aliyesemwa. Mwaka 2020, tulipolazimika kusajili laini upya kwa alama za vidole, yeye alikuwa hajafikisha umri wa kitambulisho cha NIDA. Nikaweka kidole changu kwa niaba yake, nikasahau.

Miaka miwili baadaye, masika yameshika, mdogo wake bibi wa genge alisimama mlangoni kwetu, Makorora, Tanga. Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Nimeshachukua RB ya polisi," alisema. "Ile namba nilijaribu kuitumia hela, likatoka jina lako."

Mwanangu alikuwa na miaka 15, kidato cha pili. Alimpiga picha bibi akiwa ameinama anaosha mchicha, akaigeuza stika, mdomo kauvuta mpaka masikioni, juu kaandika "mchicha wa mtaro". Akaongeza na sauti ya kama dakika moja. Aliirusha kwenye grupu la WhatsApp la vijana wenzake, na kufikia magharibi ilikuwa imeshaingia kwenye grupu la wazazi. Wakati wa mvua, mitaro imefurika na kila mtu anaogopa kipindupindu, neno kama hilo halihitaji kusukumwa.

Usiku ule sikulala. Nilitafuta Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nikaisoma kwenye simu chini ya shuka. Kuna kifungu cha taarifa za uongo na kuna kifungu cha kumsumbua mtu kwa mtandao, na vyote viwili vinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. "Isiyopungua." Nililirudia neno hilo mara nyingi. Mimi nashona sare za shule. Cherehani yangu ukiiuza na meza yake haifiki hata laki tano.

Alfajiri baba yake alisema taratibu, "Tuseme simu iliibiwa."

Simlaumu. Ni mtu mwema, na hofu ilikuwa imemkaba kama ilivyonikaba mimi. Ila chini ya pazia la chumba cha watoto niliona vidole vya miguu. Mwanangu alikuwa amesimama pale anasikiliza atajibiwa nini. Nikasema hapana, tena kwa sauti, ifike mpaka kule nyuma.

Asubuhi nilikwenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata, mama mmoja ambaye siku zote nilimjua kwa kesi za mirathi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwanza aliuliza kama tumefuta kitu. Nikamwambia kijana ameshafuta kwa wote. Akatikisa kichwa: msiguse tena, kufuta ili kuukwamisha upelelezi ni kosa lingine ndani ya sheria hiyohiyo. Kisha akanieleza ambalo usiku kucha sikulifikia, kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwamba shauri lake likifika mbali linakwenda mahakama ya watoto, na kwamba mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Kuhusu laini alisema nitaitwa mimi kwanza, na nitatakiwa kusema nani alikuwa anaitumia. "Hapo ukidanganya, sasa kosa linakuwa lako."

Nilishusha pumzi. Ndipo akaniuliza, "Na hiyo sauti umeisikiliza?"

Sikuwa nimeisikiliza. Jirani alikuwa amenirushia tangu jana yake, nami nilishughulika na vifungu. Akaniambia niifungue palepale.

Mwanangu alimwigiza bibi vizuri mno. Alipatia anavyovuta "mwanaanguu", alipatia kikohozi chake kifupi kabla ya kutaja bei. Sauti ile hakujifunzia barabarani. Alijifunzia mgongoni mwake, miaka ile nilipokuwa napeleka sare Muheza na kumwachia bibi mtoto tangu asubuhi mpaka jioni. Nililia mbele ya yule mama, na safari hii sikuwa nalilia faini.

Siku ya tatu tulikaa ofisi ya serikali ya mtaa: mwenyekiti, mjumbe wetu wa shina, sisi watatu, bibi na mdogo wake. Mwanangu akatoa shikamoo. Bibi akaitika marahaba, maana kuitika ni desturi, lakini hakumtazama. Mdogo wake alizungumza sana kuhusu polisi. Bibi alingoja amalize.

"Siku tatu nimeuza mafungu saba," alisema. Halafu akamgeukia mwanangu. "Maji ninayooshea mboga nachota bombani kwenu, ndoo shilingi mia. Na koki unanifungulia wewe."

Hakuna aliyesema kitu. Nilimwangalia mwanangu, masikio yamemwiva, na nilijua hakuwa ameliwaza hilo hata mara moja wakati anarekodi.

Tuliandikiana: shilingi elfu sitini za mboga zilizooza, na kuomba radhi kwa sauti yake mwenyewe kwenye magrupu yote mawili, aseme na maji yanatoka wapi. Alirekodi palepale. Mara ya kwanza na ya pili sauti ilikatika, bibi akasema, "Mpeni maji anywe." Mdogo wake alikwenda kituoni kusema tumeelewana. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa, kila namba ngeni iliyoita simu yangu ilinitia baridi.

Mwezi wa nane niko kwenye grupu letu la kikoba. Mwanachama mmoja wa Pongwe kachelewesha marejesho, mwenzake akamjibu kwa stika. Mdomo umevutwa mpaka masikioni. Maandishi yalikuwa yameshakatwa, umebaki uso tu. Nilimfuata pembeni nikamwomba aifute, akaniuliza kwani huyu ni nani.

Kesho yake nilikwenda gengeni nikamweleza bibi. Niliona bora aisikie kwangu. Alikuwa anafunga tembele.

"Naijua," alisema. "Dada yangu wa Korogwe alinitumia kunichekesha. Hakunitambua."

Akanipa fungu langu, nikalipa.