Kipimo Kabla ya Ukuta: Jinsi Nchi Inavyoweza Kuisimamia Pwani Yake

Kila ninapoupata mpango wa usimamizi wa ukanda wa pwani wa nchi yoyote, huanza kuusoma kutoka mwisho. Kurasa za mwanzo za mipango hiyo hufanana sana: huusifu utajiri wa pwani, huorodhesha mikoko, matumbawe, bandari na hoteli, kisha huahidi maendeleo endelevu. Ninachokitafuta mimi ni sura ya ufuatiliaji, na mara nyingi huikuta imebanwa katika ukurasa mmoja, ikisema tu kwamba hali ya mazingira itafuatiliwa kwa kushirikiana na wadau. Haisemi nani atapima nini, wapi, kila baada ya muda gani, wala kipimo kikifikia kiwango gani ndipo hatua ichukuliwe. Mpango wa namna hiyo nauhesabu kuwa haujakamilika, hata kama sura zake nyingine zimeandikwa kwa ustadi, kwa sababu pwani ni ardhi isiyotulia, na anayetaka kuisimamia hana budi kujua inahamia wapi na kwa kasi gani.

Tuanze na mchanga, maana ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mchanga wa ufuoni huwa safarini wakati wote. Mawimbi yanapoifikia pwani kwa mshazari huusukuma kandokando ya ufuo, punje kwa punje, na mahali ambapo kiasi kinachoingia kinalingana na kiasi kinachotoka, sisi tunaoutazama tunadhani ufuo umetulia. Mtu akijenga ukuta au gati linalokatiza safari hiyo, mchanga hurundikana upande mmoja, na upande wa pili huanza kuliwa na bahari. Mwenye ukuta huona amefanikiwa. Jirani yake aliye kilomita mbili mbele ndiye anayeona mizizi ya miti ikibaki nje na msingi wa nyumba ukichunguliwa na maji ya bamvua. Jirani naye hujenga ukuta wake, na tatizo husogezwa tena kwa mwingine. Ndiyo maana kipande cha pwani kinachogawana mchanga mmoja kinapaswa kupangwa na kusimamiwa kwa pamoja, hata kama kimekatwa na mipaka ya wilaya tatu au nne zenye mamlaka tofauti.

Wakati mwingine chanzo hakiko pwani kabisa. Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri, lililokamilika mwaka 1970, liliuzuia mzigo wa tope na mchanga ambao Mto Nile ulikuwa ukiupeleka baharini kila mwaka wakati wa mafuriko. Ncha za delta, yaani ardhi ya tope ambayo mto huo umeijenga unapoingia baharini, pale Rosetta na Damietta, ambazo tayari zilikuwa zimeanza kurudi nyuma, ziliendelea kumomonyoka kwa kasi kubwa, na serikali ikalazimika kujenga kuta za mawe kuzilinda. Bwawa hilo lilileta umeme na maji ya kilimo, na sidai kwamba halikupaswa kujengwa. Hoja yangu ni kwamba mhandisi wa bwawa na msimamizi wa pwani walikuwa wakigawana mchanga uleule, mmoja kwa kuuzuia na mwingine kwa kuusubiri. Hiyo ndiyo maana halisi ya neno "jumuishi" tunalolikuta katika kila mpango wa pwani: kwamba anayeamua kuhusu mto, machimbo ya mchanga, barabara, bandari na maji taka aketi meza moja na anayeulizwa kwa nini ufuo umetoweka.

Nchi ninayoirejea mara kwa mara ninapolifikiria jambo hili ni Uholanzi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja kingo zake za kuzuia maji na kuua watu 1,836. Watu wengi hukumbuka mabwawa na milango mikubwa ya maji iliyojengwa baadaye, lakini kinachonivutia mimi zaidi ni kazi ya kimya iliyoanza katika miaka ya 1960 na ambayo hata leo inaendelea: kila mwaka, pwani yote ya mchanga hupimwa kwa mistari inayoanzia kwenye matuta ya nchi kavu na kuingia baharini, mstari mmoja hadi mwingine ukiwa umeachana kwa takriban mita 200 hadi 250. Mistari hiyo haibadilishwi kila anapokuja mtaalamu mpya, na kwa hiyo kipimo cha mwaka 1975 kinaweza kuwekwa kando ya kipimo cha mwaka huu na kulinganishwa bila ubishi.

Kisha mwaka 1990 serikali ya nchi hiyo ilifanya jambo ambalo naliona ndilo kiini cha usimamizi wote. Iliamua kwamba mstari wa pwani kama ulivyokuwa wakati huo ndio utakaokuwa mstari wa msingi, na kwamba bahari isiachwe iuvuke. Kila mwaka wataalamu huchukua vipimo vya miaka kumi iliyopita, huangalia mwelekeo wake, na pale mwelekeo unapoonyesha kwamba mstari wa msingi utavukwa, mahali hapo huingia katika orodha ya kuongezewa mchanga. Mwanzoni walitumia takriban mita za ujazo milioni 6 za mchanga kwa mwaka; tangu mwaka 2001 kiwango hicho kilipandishwa hadi takriban milioni 12, ili hata sehemu za kina kirefu zaidi zipate mchanga. Mwaka 2011 walifanya jaribio kubwa zaidi karibu na mji wa The Hague, wakamwaga mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja ili upepo, mawimbi na mikondo viusambaze mchanga huo vyenyewe. Si kila nchi ina fedha za kununua mchanga kwa kiasi hicho, wala si kila bahari ina mchanga wa kuchotwa bila kuharibu makazi ya viumbe vya chini. Lakini kanuni yao haihitaji utajiri: kipimo kimefungwa na uamuzi kabla ya tatizo kutokea. Hakuna anayesubiri nyumba ya mtu mashuhuri ianze kuanguka ndipo kikao kiitishwe.

Upimaji wenyewe hauhitaji mitambo ya bei kubwa ili kuanza. Mwaka 1961 mwanajiolojia wa bahari K. O. Emery alieleza mbinu ya kupima umbo la ufuo kwa kutumia fito mbili zilizochorwa vipimo. Nimewahi kushiriki kazi hiyo mara nyingi, na bado naipenda. Fito moja husimamishwa upande wa nchi kavu na nyingine upande wa bahari, kwa umbali unaojulikana. Mpimaji hutazama kutoka fito ya juu, akalinganisha ncha ya fito ya chini na upeo wa bahari, kisha akasoma ufuo umeshuka kwa sentimita ngapi. Husogea hatua kwa hatua hadi majini, akianzia kila mara kwenye bikoni ileile, yaani jiwe la alama lisilohamishwa. Watu wawili waliofundishwa kwa siku moja, wenye daftari na kamba, wanaweza kutoa takwimu zinazofaa, mradi waandike tarehe, saa na hali ya maji kupwa au kujaa, na mradi warudi.

Setilaiti zimetuongezea uwezo ambao kizazi kilichopita hakikuwa nao. Picha za Landsat zipo tangu mwaka 1972 na zinapatikana bila malipo tangu mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tunazo pia za Sentinel-2, ambazo huonyesha kitu cha ukubwa wa mita 10. Nchi ambayo haikuwahi kupima pwani yake inaweza leo kurudi nyuma miaka mingi na kuona mikoko ilikatwa wapi na ufuo ulisogea wapi. Hata hivyo nina tahadhari moja ambayo nimeona ikipuuzwa. Chukulia ufuo ambao hushuka mita 1 kwa kila mita 50. Picha mbili zikipigwa siku tofauti, moja maji yakiwa yamepanda mita 1 zaidi ya nyingine, ukingo wa maji utaonekana umehama mita 50, ilhali ufuo haujasogea hata kidogo. Mtu asiyejua saa ya maji anaweza kuandika ripoti ya mmomonyoko wa kutisha, au ya kutuliza, kutokana na kupwa na kujaa kwa kawaida. Kwa hiyo picha ya angani haimwondoi mpimaji wa ufuoni. Inamhitaji ili isahihishwe.

Vivyo hivyo kwa kina cha bahari, yaani usawa wa maji yake ukilinganishwa na nchi kavu. Kati ya mwaka 1901 na 2018 wastani wa kina cha bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20, na kasi yake katika miaka ya 2006 hadi 2018 ilifikia takriban milimita 3.7 kwa mwaka. Wastani huo ni wa kweli, lakini hakuna nchi iliyo kwenye wastani. Pale Stockholm ardhi bado inainuka baada ya kuondokewa na uzito wa barafu ya kale, na kwa hiyo bahari huonekana ikishuka. Sehemu za Jakarta zimezama kwa mita kadhaa, hasa kwa sababu ya maji yanayovutwa kutoka chini ya ardhi, na hapo bahari huonekana ikipanda kwa kasi isiyoelezeka na joto la dunia pekee. Nchi isiyo na kifaa cha kudumu cha kupimia kina cha bahari, kilichounganishwa na bikoni imara za nchi kavu, haiwezi kujua kama adui wake ni bahari inayopanda au ardhi inayozama. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu, kwa kuwa dawa ya ardhi inayozama ni kudhibiti visima, na ukuta wa bahari hautaiponya.

Kuhusu sheria nitasema machache. Marekani ilipitisha sheria yake ya usimamizi wa ukanda wa pwani mwaka 1972, ikiwapa majimbo fedha na haki ya kudai kwamba miradi ya serikali kuu ilingane na mipango yao, na ikaacha kila jimbo lijiamulie kujiunga. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira na maendeleo, uliofanyika Rio mwaka 1992, ulizitaka nchi zote za pwani kuwa na usimamizi jumuishi. Nchi za Bahari ya Mediterania zilienda mbali zaidi: itifaki yao iliyosainiwa Madrid mwaka 2008, na kuanza kutumika mwaka 2011, inataka eneo lisilopungua mita 100 kutoka mstari wa juu kabisa wa maji ya majira ya baridi lisijengwe, ingawa inaruhusu mambo ya kipekee. Ufaransa ilikuwa tayari na katazo la namna hiyo katika sheria yake ya mwaka 1986 kwa maeneo yaliyo nje ya miji, na tangu mwaka 1975 ina taasisi ya umma inayonunua ardhi ya pwani ili ibaki bila kujengwa. Ninaziunga mkono mita hizo 100, au idadi yoyote ambayo nchi itaipata kwa hesabu ya mmomonyoko wake, kwa sababu ardhi iliyoachwa wazi huipa bahari nafasi ya kusogea bila kumfukuza mtu. Ila mstari huo lazima uchorwe ardhini na kulindwa, kwani vibali huombwa kimoja kimoja, na kila kimoja peke yake huonekana kidogo.

Viumbe navyo vinahitaji kuhesabiwa kwa subira ileile, na mfano ulionifunza zaidi unatoka kisiwa kidogo cha Sumilon nchini Ufilipino. Sehemu ya miamba yake ya matumbawe ilifungwa kwa uvuvi mwaka 1974, na wavuvi waliendelea kuvua sehemu iliyobaki. Wanasayansi, akiwemo Angel Alcala, walikuwa wakihesabu samaki na kurekodi mapato ya wavuvi hao, yaani kiasi cha samaki walichovua. Ulinzi ulipovunjika mwaka 1984 na eneo lote likavuliwa, wengi wangetarajia mapato yaongezeke, maana sasa kulikuwa na eneo kubwa zaidi la kuvua. Ndani ya takriban mwaka mmoja na nusu mapato yalikuwa yamepungua kwa karibu nusu. Kama daftari za miaka ya ulinzi zisingekuwepo, ubishi kati ya anayesema eneo lifungwe na anayesema linamnyima riziki ungeendelea bila mwisho. Nadhani wavuvi ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kuonyeshwa takwimu za namna hii, kwa lugha yao na mahali wanaposhushia samaki wao, na pia ndio wanaopaswa kuwa miongoni mwa wanaozikusanya.

Kinachoniumiza ni jinsi vipimo vinavyokatika kwa urahisi. Mradi huja kwa miaka mitatu au mitano, hununua vifaa, hufundisha vijana, kisha hufungwa, na takwimu hubaki katika kompyuta ya mtu aliyehamishwa kazi. Ufuatiliaji unapaswa kuwa na kifungu chake katika bajeti ya kawaida ya serikali, kama ulivyo utabiri wa hali ya hewa, na matokeo yake yawe wazi kwa yeyote anayeyataka, pamoja na anayetaka kuyapinga.

Katika ufuo mmoja tuliokuwa tukiupima kwa fito, tulirudi msimu mmoja tukakuta bikoni yetu imefukiwa chini ya ukuta mpya wa uzio, uliojengwa karibu na maji kuliko inavyoruhusiwa. Mjenzi hakuwa na habari kwamba jiwe lile lilikuwa na maana yoyote, na hakukuwa na ofisi iliyokuwa na orodha ya bikoni za pwani ya kumwonyesha. Tuliweka nyingine, mita kadhaa ndani zaidi, tukapima siku hiyohiyo na kuandika namba katika ukurasa mtupu wa daftari. Itabidi ipite miaka kumi ya vipimo kabla ya yeyote kuweza kusema kwa uhakika ufuo ule unaelekea wapi.