Umeumia mgongo kazini? Maneno yanaanzia zahanati

Watu wakishajua nimelipwa fidia na WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hapa Tanzania, swali la kwanza ni ulipata ngapi, la pili ulipitia kwa nani. La kwanza sijibu. La pili jibu lake huwa haliwafurahishi, maana sikupitia kwa mtu, nilifuatilia mwenyewe na makaratasi yangu kwenye mfuko wa rambo. Ila kwa kuwa kila wiki kuna mtu ananiuliza upya nimeona bora niandike yote hapa mara moja, nikiulizwa natuma tu.

Mi nilikuwa mpakiaji kwenye godauni moja huku barabara ya Nyerere, mzigo wenyewe marobota ya mitumba, yale ya kawaida kilo 45 unabeba peke yako na kuna yale makubwa mnashika wawili. Siku hiyo tunashusha kontena, mwenzangu akateleza, uzito wote ukanijia mimi nikiwa nimejipinda kiuno. Nikasikia moto unashuka toka kiunoni, tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye unyayo wa kushoto, halafu mguu ukakataa amri.

Sasa shida ya mgongo ni hii. Mtu akikatwa kidole na mashine hakuna ubishi, kidole hakipo, hata bosi anaona. Mgongo nani anauona? X-ray yangu ya kwanza ilitoka safi kabisa, na sio ajabu, X-ray inaonyesha mifupa, diski, ule mto laini kati ya pingili za mgongo, haionekani mle, na kwangu kilichochomoza ni diski, ile ya chini kabisa wanaiita L5-S1, ikaenda kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Hiyo mpaka upige MRI, kile kipimo kikubwa cha picha za ndani, ndio inaonekana. Kati ya X-ray safi na hiyo MRI hapo ndipo nilipomjua binadamu. Ooh anadeka, ooh huyu mgongo alikuwa nao toka kwao, ooh si ameoa juzi mwacheni apumzike. Wanacheka, na we umelala ubavu maana chali huwezi.

Turudi zahanati. Nilipelekwa kwa bodaboda, mtu ameumia mgongo anapandishwa bodaboda, haya. Supavaiza akaingia na mimi mpaka kwa daktari, daktari akauliza tatizo nini, akajibu supavaiza, mgongo unamsumbua. Daktari akaandika LBP, herufi tatu, yaani maumivu ya kiuno, basi, kama mama aliyelalia godoro bovu. Nikajikaza nikamwambia dokta naomba uandike nimeumia leo asubuhi, kazini, nashusha mzigo, na ganzi inashuka mguuni. Supavaiza alinitazama jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka. Daktari akaongeza mstari mmoja chini ya zile herufi. Huo mstari ndio umenilipa mimi, sitanii. Kwa sababu kitu cha kwanza wanachotafuta kwenye madai ni kama umeumia kutokana na kazi na ukiwa kazini, na faili la siku ya kwanza lina nguvu kuliko maelezo yoyote utakayokuja kuyatoa baadae ukiwa umeshakasirika.

Na hapo hapo niseme, hili halihusiani na hela, ukiumia kiuno halafu ukaanza kushindwa kukojoa, au ganzi ikashika sehemu za siri, usingoje kuche, kimbilia hospitali kubwa usiku huo huo. Daktari mmoja alinieleza hilo nikamshukuru sana, zahanati hakuna aliyeniambia.

Haya, HR, ofisi ya mambo ya wafanyakazi. Yule dada namheshimu, alikuwa anatumwa tu. Akaniambia kaka tumia kadi yako ya bima ya afya, mambo ya WCF yatakuchelewesha matibabu. Linaingia akilini eeh? Ila bima ya afya inalipia kitanda, vipimo na dawa, mwisho. Haikulipi mshahara ukiwa umelala, haikulipi ulemavu utakaobaki nao, na mbaya zaidi inaacha picha kwamba wewe ni mgonjwa wa kawaida tu aliyeenda hospitali kivyake. Fidia ya kazini ni kitu kingine kabisa. Na haikatwi kwako hata senti, mwajiri ndiye anachangia, sasa hivi ni nusu asilimia ya mishahara anayolipa, zamani sekta binafsi ilikuwa asilimia 1 ikashushwa. Halafu habari ya ulikuwa mzembe au hukuwa mzembe sio ya kwanza kuulizwa, labda uwe umefanya utovu wa nidhamu wa makusudi kabisa.

Mwajiri ana siku 7 toka apate taarifa apeleke kwenye Mfuko. Wangu siku 7 zikapita, fomu iko kwa bosi, bosi kasafiri, bosi karudi ila hajakaa, danadana tu. Sijui wanaogopa nini, nadhani wanahisi OSHA, wale wakaguzi wa usalama kazini, watakuja kuona ile forklift mbovu iliyokuwa imeegeshwa mwaka mzima tukabaki kubeba kwa mgongo. Basi nikaandika barua kwa mkono, ukurasa mmoja, tarehe, saa, kontena, nani alikuwepo, nikaipeleka na nakala yake nikasema igongeni muhuri wa kupokelewa. Hawakutaka. Nikakaa pale mapokezi, mtu aliyejipinda na mkanda wa mgongo juu ya shati, wateja wanaingia wanauliza vipi huyu. Ikagongwa. Ile nakala na picha za faili la zahanati nikaenda nazo WCF mwenyewe, wakanisikiliza, na baada ya wao kuwasiliana na ofisi kwetu fomu ikapatikana, bosi sijui alirudi na ndege gani.

Mfanyakazi mwenyewe muda wake ni mrefu, miezi 12 taarifa iwe imefika, lakini usiutegemee huo muda kwenye mgongo. Shahidi wangu, yule aliyeteleza, alikuwa kibarua, muda si mrefu akaenda zake Kahama kutafuta dhahabu na namba ya simu akabadilisha. Bahati alikuwa ameshaniandikia maelezo yake na kusaini kabla hajaondoka.

Kuna mzee pale godauni alifanya kazi enzi zile za sheria ya zamani ya fidia, kabla ya hii ya 2008 na Mfuko ulioanza kukusanya michango 2015. Anasema we kijana unalalamika nini, sisi kilema cha kudumu mwisho wake ulikuwa shilingi 108,000, maisha yako yote hayo, unapewa unaondoka. Sikuwa na la kumjibu.

Kuhusu hela yenyewe. Ukiwa umelala huwezi kufanya kazi unapata asilimia 70 ya mshahara, na inaweza kwenda mpaka miezi 24. Asilimia 70 ya mshahara upi sasa, hapa wengi tunalia. Mi kwenye karatasi mshahara 280,000, zile hela za kushusha kontena usiku tulikuwa tunapewa mkononi kwenye bahasha, haziko popote. Kwa hiyo hesabu yangu ikawa 196,000 na nyumbani tulishazoea kuishi kwa zaidi ya laki nne. Mke wangu ndiye aliyebeba pengo hilo kwa kuuza chapati, na ukweli ndio uwe hivyo, fidia peke yake isingetuvusha. Kama bosi wako anakulipa nusu kwenye bahasha ujue siku ukiumia ile bahasha haiumii na wewe.

Baada ya matibabu na fiziotherapi, ukifika mahali daktari anaona hapa ndio mwisho wa nafuu, unafanyiwa tathmini ya ulemavu. Wanakuinamisha, wanakuinua mguu umenyooka, wanapima nguvu ya kidole gumba cha mguu, wanaangalia MRI. Unapewa asilimia. Ikiwa 30 kushuka chini unalipwa mkupuo mara moja, ikizidi 30 ni pensheni ya kila mwezi. Yangu ilikuwa chini ya 30, mbali sana na 30. Niliumia roho. Mimi kazi niliyokuwa najua ni kubeba, na kubeba siwezi tena, kwa hiyo kwangu ile kazi imekwenda asilimia 100, lakini ile namba inausoma mwili, inasema unatembea, unakaa, unajivalisha viatu, na kweli navivaa ingawa soksi ya kushoto navalishwa na mtoto.

Hapo ndipo kishoka akatokea. Sijui aliipata wapi namba yangu, anasema anaweza kupandisha asilimia, nimpe kidogo mbele na robo baadae. Nikamwambia kaka huduma ile ni bure, akaniita mshamba akakata simu.

Kazini nilirudishwa kazi nyepesi, nakaa getini nahesabu marobota yanayoingia na kutoka, kiti walichonipa ni cha plastiki mpaka nilipopeleka cheti cha daktari wakaleta chenye mgongo. Kama asilimia huikubali unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, na ukizidi kukataa Mahakama ya Kazi ipo. Mi sikwenda huko. Ada ya kidato cha kwanza ilikuwa inasubiri, nikasaini. Shemeji yangu mpaka leo anasema ningepambana, na inawezekana yuko sahihi, ila yeye ada hakuchangia.