Petroli ya Mjomba

Mwaka 2018 kaunti moja ya Pwani ilitangaza kazi ya mkataba kwa mafundi wa umeme: miezi sita ya kukarabati taa za barabarani, na huenda ikaongezwa. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na leseni ya ERC, tume ya nishati ya wakati huo, na nilikuwa nimechoka na vibarua vya nyumba kwa nyumba huko Kisauni na Bamburi, leo soketi mbili, kesho huna kitu. Kazi ile nilijua naiweza. Chini ya tangazo kulikuwa na sharti ambalo kila aliyewahi kuomba kazi ya serikali Kenya analijua: mwombaji atimize matakwa ya Sura ya Sita ya Katiba.

Sura ya Sita inahusu uongozi na uadilifu. Isome yote, hutakuta iliposema kwamba fundi wa taa asiwe na deni. Lakini kwa mazoea ya waajiri ilikuwa imegeuka furushi la vyeti: cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, yaani polisi wa upelelezi, cha kodi kutoka KRA, cha HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, fomu ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, iliyogongwa muhuri na wakili, na cheti cha CRB, zile ofisi zinazoweka kumbukumbu za nani halipi mikopo, cha kuthibitisha kwamba hudaiwi na benki wala na wanaokopesha kwa simu.

Nilianza na polisi. Shilingi 1,050 kwa M-Pesa, kisha foleni ya Huduma Centre pale Posta, Mombasa, kuchukuliwa alama za vidole. Afisa alibiringisha kidole gumba changu kwenye wino, akakikandamiza kwenye fomu, akatazama, akatikisa kichwa. Ngozi ilikuwa imesuguliwa na nyaya na koleo hata mistari haionekani. Akanipangusa kwa kitambaa, akarudia taratibu, huku akiniuliza kazi yangu ni gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi ndiyo maana."

Hayo yalipita. Kilichonikwamisha ni CRB. Cheti chake wakati huo kilikuwa shilingi 2,200, na kabla ya kukilipia kijana wa saiba karibu na kwetu alinishauri nitazame kwanza ripoti yangu. Aliifungua kwenye kompyuta, akanyamaza, kisha akaigeuza skrini upande wangu.

"Kaka, hapa kuna kitu. Unajua hili?"

Jina langu, nambari yangu ya kitambulisho, na mstari mmoja: mkopo wa simu, haujalipwa, shilingi 860. Mimi mkopo wa simu nilikuwa sijawahi kuchukua. Nikaitazama nambari ya simu iliyoandikwa pale, nikaijua. Ilikuwa ya mjomba wangu.

Mjomba ni mvuvi wa Gazi, kule Kwale. Kitambulisho chake kilipotea baharini, na anayeijua Pwani anajua kupata kingine ni safari: uende kwa chifu, uhojiwe wewe ni nani na babu yako alizikwa wapi, kisha upewe karatasi ya kungoja. Na laini ya simu haisajiliwi kwa karatasi ya kungoja. Basi nikamsajilia kwa kitambulisho changu, ili wanunuzi wa samaki waweze kumtumia pesa zake. Nani asingemfanyia hivyo mtu aliyemlipia karo?

Nilimpigia palepale.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti iko hivyo?"

Nilipomweleza alikumbuka mara moja. Mwaka ule upepo wa kusi ulikuwa umeanza na nguvu, bahari haikuwa ikiingilika, na siku moja ilipotulia kidogo alikopa shilingi 800 kwa simu, akanunua petroli ya mashine ya boti. Alitoka na samaki wasiotosha hata kurudisha hiyo petroli. Akasema moyoni atalipa bahari itakapofunguka. Ujumbe wa kudai ulikuja, na hata wa kuonya kwamba jina litapelekwa CRB, lakini wote ulikuwa kwa Kiingereza. Mjomba hasomi Kiingereza. Alidhani ni yale matangazo ya bahati nasibu, akaufuta.

"Sasa wewe wakunyime kazi," alisema, "kwa petroli yangu mimi?"

Alitaka kutuma pesa jioni ile ile. Nilikataa, nikalipa mwenyewe, na risiti ikaingia kwenye simu kabla sijatoka pale saiba. Nilidhani limekwisha. Kumbe kulipa ni jambo moja na kusafishwa ni jingine. Mkopeshaji ndiye anayepaswa kuwapelekea CRB habari kwamba umelipa, naye hupeleka kwa wakati wake. Nikapiga simu, nikaandika barua pepe, nikajibiwa kwa upole kwamba nisubiri. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Ijumaa hiyo nilikwenda na bahasha yangu bila kile cheti. Mama aliyekuwa mezani alikuwa mtu mzima, wala hakuwa mkali. Alivitoa vyeti kimoja kimoja, akaweka alama ya kalamu kwenye orodha yake, na alipofika mwisho kalamu ikasimama.

"CRB kiko wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha risiti kwenye simu, nikamweleza habari ya mjomba yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nakuamini," akasema. "Lakini bahasha isiyo kamili siruhusiwi kuipokea."

Nyuma yangu alisimama msichana muuguzi, naye amekwama kwa HELB. Alikopeshwa ili asome, akasoma, akahitimu, na sasa kazi ambayo ingemwezesha kulipa ilikuwa upande wa pili wa meza ile. Hakusema neno. Aliifunga tu bahasha yake na kushuka ngazi.

Mimi sina ugomvi na mkopeshaji kutaka kujua nani halipi. CRB zilianzishwa kwa ajili hiyo, kwa kanuni za mwaka 2008, ili benki zisikopeshe gizani. Lakini mwajiri hanikopeshi. Mimi ndiye ningemkopesha yeye kazi yangu ya mwezi mzima, nipande nguzo kwa jua na mvua, kisha ningoje alipe. Na kaunti zetu kulipa ni shida: Mkaguzi Mkuu alipokagua madeni ya kaunti kufikia Juni 2018, yale ambayo wakandarasi na wauzaji walikuwa wakizidai yalikuwa karibu shilingi bilioni 89. Kaunti hizo zilikuwa zikiajiri. Mimi nilirudishwa kwa shilingi 860 zilizokwisha kulipwa, na jambo hilo liliniuma na linaniuma hadi sasa.

Miezi michache baadaye mkandarasi mmoja wa Nyali alinihitaji kwenye jengo la ghorofa. Hakuuliza cheti chochote zaidi ya leseni. Alinipeleka kwenye bodi ya umeme wa fezi tatu ambayo fundi aliyenitangulia aliiacha nusu, akaniambia, "Nionyeshe kosa liko wapi." Nilipima, nikapata waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, umelegea, nikaufunga. Nilifanya naye kazi hadi jengo likaisha.

Aprili 2020, katikati ya korona, Benki Kuu ilitoa kanuni mpya: deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe CRB, na mtu anayeomba cheti kwa mara ya kwanza apewe bila malipo. Nilimsomea mjomba habari hiyo kwenye simu, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alifurahi sana, akamshukuru Mungu, kisha akauliza, "Na wale waliorudishwa zamani, wataitwa?"

Nilimwambia kanuni haikusema hivyo. Sikuitwa, wala sijasikia mwingine aliyeitwa katika tuliokuwa kwenye ile foleni. Mjomba amekwisha pata kitambulisho kipya, na laini ile sasa iko kwa jina lake mwenyewe.