Podikasti yangu ya sanaa ya kisasa, fundi bomba ndo alinitoa

Kabla sijaanza kila mtu alikuwa mtaalamu. Mmoja kaniambia sanaa ni ya macho bwana, nani atasikiliza picha. Mwingine, huyu kasoma kabisa, akanishauri nianze na historia, wachoraji wa zamani wa Ufaransa, Monet, kisha Cézanne, twende kwa mpangilio hadi leo. Nikamsikiliza. Dada yangu wa tumbo moja, shabiki namba moja, alisinzia kabla hatujafika kwa Cézanne.

Maiki nilipata Kariakoo kwa laki na chenji, narekodia chumbani chini ya blanketi, jasho kama nafukizwa, kuhariri nahariri kwenye simu.

Sasa nilitaka kuongelea "Fountain" ya msanii Mfaransa Marcel Duchamp, lile sinki la kukojolea wanaume alilopeleka kwenye maonyesho New York mwaka 1917, kaliandika jina la kubuni, R. Mutt. Nikijieleza mwenyewe ntaanza kuleta maneno mazito watu wakimbie. Bahati nzuri fundi bomba alikuwa kwetu anaziba bomba la jikoni, nikawasha kurekodi, nikamwonyesha picha bila kumwambia chochote. Akaitazama weee, akasema, "Dada, hii wameilaza chali. Tundu la bomba lilitakiwa liangalie juu, sasa linamwangalia mtu. Ukikojoa hapa unajilowesha mwenyewe."

Nikamuuliza, inafaa kwa nini basi? "Kukojolea haifai, labda kuiangalia tu."

Jamani! Wasomi wameandika vitabu kufika hapo, yeye kafika na spana mkononi. Akaona ile saini, "Huyu R. Mutt ndo aliyeifunga? Mimi nisingeweka jina langu." Nikampa stori yote, kwamba waandaaji wa yale maonyesho walitangaza kila anayelipa ada kazi yake itaonyeshwa, hii wakaikataa, na Duchamp mwenyewe alikuwa kwenye bodi yao, akajiuzulu. Lile sinki la kwanza likapotea, ikabaki picha aliyopiga Alfred Stieglitz. Fundi akacheka, "Limepotea wapi, kuna mtu kalifunga kwake huyo!" Sikukata hata neno.

Tangu hapo simtafuti mchambuzi, namtafuta mwenye mkono na kitu chenyewe. Edward Tingatinga alichora kwa rangi ya baiskeli kwenye hadibodi, basi nikamfuata fundi baiskeli anieleze kwa nini inang'aa vile. Ila usimwambie mtu mapema kuwa ni sanaa, sauti inabadilika, anaanza kuongea kama anasoma taarifa ya habari.

Juzi nilikuwa kwa bibi mmoja wa Kichagga na picha ya mchoro wa Sam Ntiro, mchoraji Mchagga, wa 1956, wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, mchoro wenyewe upo MoMA, jumba la sanaa ya kisasa kule New York. Bibi akaruka, "Usiku? Harusi ya nani hiyo?" Mwanaye akampinga, wakaanza kubishana Kichagga kitupu. Natafuta wa kunitafsiria, malipo ni soda na chipsi.