Tingatinga ya sebuleni kwangu

Jamani mnaoniuliza ule mchoro wa ndege ukutani nimenunua wapi, nimechora mwenyewe, tena kwa rangi ya mafuta ile ile ya kupakia mageti! Ndo alivyoanza mzee Edward Saidi Tingatinga pale Dar mwaka 1968, kipande cha ubao na rangi ya baiskeli basi, akafariki 1972 ila staili yake ya uchoraji, ndo hiyo inaitwa Tingatinga, mpaka leo ipo kila duka la watalii.

Mi nimechukua hadibodi kwa seremala, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya chini nikaacha ikauke kabisa maana ukiharakisha zinachanganyikana inakuwa tope tupu. Mwili wa ndege unapaka rangi moja kwanza, madoadoa mwisho, na hapo ndo penye utamu, rangi ikiwa nyepesi inachuruzika, ikiwa nzito inavuta nyuzi, mi nadona kwa njiti ya kiberiti tu nukta moja moja. Fungueni madirisha lakini, harufu ya tina ya kuyeyushia rangi si mchezo.

Halafu wanaosema lazima uchore twiga na simba siwaelewi, wangu ni kunguru wa Dar na kapendeza. Anayefuata ni jogoo wa jirani, akitulia.