Nilivyoshona kidole cha mtoto chini ya ukucha

Watoto wengi waliobanwa na mlango hufikishwa kwetu kidole kikiwa kimeviringishiwa kipande cha khanga. Huyu alikuwa binti wa miaka minne, kidole cha kati. Ukucha ulikuwa umechomoka upande wa mzizi ukalala juu ya ngozi badala ya kuingia chini yake, na kwa mtoto hali hiyo huniogopesha kuliko damu. Nyama iliyo chini ya ukucha imegandana na mfupa, hakuna mafuta katikati, na sehemu ya mfupa inayokua iko jirani kabisa na mzizi wa ukucha. Ikivunjika hapo, nyama huweza kunasa ndani ya ufa na mfupa ukaoza. Ndiyo maana nilitaka kwanza eksirei ya kidole iliyopigwa kutoka upande. Ikaonyesha ufa mdogo kwenye ncha tu. Ingekuwa vinginevyo, ningempa rufaa kwa bingwa wa mifupa siku hiyohiyo.

"Daktari, ukiung'oa huo hautaota tena," mama yake alisema.

"Mama, huu unaouona hauna uhai. Unaotea huku ndani, chini ya mkunjo wa ngozi. Ule weupe wa nusu mwezi ni ukingo tu wa mzizi wenyewe. Sehemu hiyo ndiyo ninayotaka kuilinda."

Mwenzangu alimpa dawa ya usingizi, nami nikachoma ganzi pande zote mbili za shina la kidole, maana mishipa ya fahamu hupita ubavuni. Nilizuia damu kwa kidole cha glavu kilichokatwa ncha na kukunjwa hadi shinani, nikakibana na koleo kisije kikasahaulika. Kikibaki, kidole hufa.

Niliuinua ukucha taratibu, nikaosha kwa maji ya dripu mengi. Nyama iliyochanika sikuipunguza hata kidogo, kwa kuwa hakuna nyingine ya kuziba pengo lake. Nilishona kwa uzi mwembamba sana unaoyeyuka, wa 6-0, sindano ikipita juujuu. Upande wa mzizi nilikuwa mwangalifu zaidi: kano inayonyoosha kidole imejishika nyuma yake kwa umbali wa milimita moja na kitu.

Ukucha niliusafisha, nikautoboa damu ipate kutoka, nikaurudisha chini ya mkunjo. Wapo wasiourudisha, na utafiti wa Uingereza kwa watoto, uliochapishwa 2023, haukuona tofauti ya maambukizi wala ya sura ya ukucha. Mimi ukiwa mzima huurudisha, kwani huifunika nyama vizuri na kubadilisha bandeji hakumtesi mtoto.

Nilimtahadharisha mama kwamba ukucha ulioumia husimama kukua kwa wiki kama tatu, kisha huenda milimita tatu hivi kwa mwezi. Ule wa zamani ulidondoka wenyewe, mpya ukaja nyuma yake na tuta dogo la kukingama, nalo lilisogea mbele hadi likakatwa pamoja na ukucha. Kidole kinakunja na kunyooka.